Sumu katika vitu vya kuchezea: Namna ya kumkinga mtoto

MIDOLI na vitu vingine vya kuchezea vinaweza kuwa na kemikali zenye sumu zisizoonekana kwa macho, na anayedhurika zaidi ni mtoto mdogo ambaye hutia kila kitu mdomoni.

Miongoni mwa zinazohofiwa ni madini ya risasi, yanayopatikana katika baadhi ya rangi na plastiki, na thaleti, ambazo hutumika kulainisha plastiki.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya wa mtu mzima. Risasi hudhuru ubongo, hupunguza uwezo wa kujifunza, husababisha upungufu wa damu na hujilimbikiza katika mifupa na meno. Baadhi ya thaleti nazo huvuruga homoni za uzazi.

Agosti 2007, kampuni ya Mattel ya Marekani iliagiza kurejeshwa kwa vitu vya kuchezea vipatavyo milioni 1.5 vya Fisher-Price, vilivyotengenezwa China, baada ya rangi yake kubainika kuwa na risasi kupita kiasi. Mwaka 2009 ilikubali kulipa faini ya dola milioni 2.3.

Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria kali zaidi. Tangu Agosti 2011, risasi katika bidhaa za watoto hairuhusiwi kuzidi sehemu 100 katika milioni, na katika rangi sehemu 90. Umoja wa Ulaya ulikwishapiga marufuku mwaka 2005 thaleti tatu katika vitu vyote vya kuchezea zinapozidi asilimia 0.1.

Hata hivyo, risasi haina harufu wala dalili ya kuonekana; maabara pekee ndiyo huithibitisha. Kwa hiyo, mzazi anashauriwa:

- Kuepuka midoli ya zamani au ya mitumba iliyopakwa rangi, kwani huenda ilitengenezwa kabla ya viwango hivi.

- Kutupa inayobanduka rangi.

- Kutompa mtoto mapambo ya chuma ya bei poa.

- Kununua bidhaa yenye jina na anwani ya mtengenezaji.

- Kumnawisha mtoto mikono kabla ya kula.

Aidha, mtoto anayedhaniwa kumeza risasi apelekwe hospitali kupimwa damu hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa huku ubongo ukiendelea kuathirika.