Aliyeshika Ukingo

Huku Kakonko tuko mbali na bahari, lakini udongo wetu unaishia majini vilevile. Mvua za Oktoba zikianza, vijito vinageuka vyekundu na kuelekea Malagarasi, mto unaoingia Ziwa Tanganyika pale Ilagala. Kinachochuja maji hayo njiani ni mafunjo ya Malagarasi–Muyovozi, ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Mabonde yetu madogo nayo yalikuwa na mafunjo yake. Marehemu baba aliyakata kwa ajili ya mikeka, ila mizizi hakuigusa. Ukingo ukibomoka, alikata mabingobingo vipande vya pingili tatu, akavilaza kimshazari, pingili mbili ardhini na moja juu, safu baada ya safu kuanzia majini kupanda. Nyuma ya safu hizo alichomeka matawi mabichi ya mkuyu. Msimu wa pili mizizi ilikuwa imeshikana, na tope lililoletwa na mafuriko likabaki hapo likawa ukingo mpya.

Kazi hiyo inataka mtu anayeishi jirani na mto, na historia ya Buha, nchi yetu hii, ni ya watu kuhamishwahamishwa. Miaka ya 1930 Waingereza waliwakusanya watu kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na vichaka vikafyekwa. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Kisha ikaja vita ya Burundi ya 1993, na makambi ya wakimbizi. Kambi ya Mtendeli ilifunguliwa upya Januari 2016 na kufungwa 2021, watu wakapelekwa kambi ya Nduta. Siwalaumu wakimbizi, mama mwenye watoto lazima apate kuni. Lakini penye maelfu ya watu, barabara na mapaa hukusanya maji yakashuka kwa kishindo, na penye kishindo bila majani huzaliwa korongo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za mto. Naiunga mkono, ila kumwondoa mkulima hakuzibi ukingo uliokwisha bomoka. Lazima upandwe. Mabingobingo tunayo, mikuyu ipo, na wazee wanaojua kuipanda bado wako hai. Halmashauri iwaite kabla ya mvua za Oktoba, iwalipe kama mafundi, na vijana wawekwe kando yao wajifunze.