Neno «Pori» na Maana Yake

Kila siku tunasema: mtu ameenda porini, nyama ya pori, dawa ya pori. Lakini tukiulizwa pori ni nini, wengi watajibu: ni mahali pasipo mwenyewe. Jibu hilo si la kweli, nalo liliwaletea wazee wetu hasara kubwa.

Kwa Walamba na jirani zao, wenyeji wa nchi hii ya Katanga, msitu wa miombo ulikuwa ghala. Humo waliwinda, walirina asali, waliokota uyoga na vinkubala. Walikata matawi, wakayachoma, wakapanda nafaka katika majivu. Udongo ulipochoka, waliuacha upumzike miaka mingi. Mgeni aliyepita wakati ule aliona miti na majani tu. Wenyeji waliona shamba linalopumzika.

Tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya Mfalme Leopold II ilitoa amri: ardhi isiyokaliwa na mtu ni mali ya Serikali. Lakini nani alihesabu shamba linalopumzika kuwa limekaliwa? Mwaka 1900 iliundwa Comité Spécial du Katanga ili kuitawala na kuigawa ardhi hiyo. Mwaka 1910 reli ikafika Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, na miti ya kandokando ya mji ikawa kuni na makala. Hata baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1973 iliweka ardhi yote mikononi mwa Serikali. Amri ya mwaka 2014 tu ndiyo iliyofungua njia, wanakijiji waweze kuomba msitu wa wazee wao kwa jina lao wote.

Tena neno la nchi hugeuka tusi la watu. Kule pwani ya Kenya, watu wa bara ya karibu waliitwa Wanyika, maana yake watu wa nyika. Baadaye wenyewe wakajichagulia jina la Mijikenda. Na sisi mjini, je, hatusemi «mutu wa pori» tukitaka kumdharau mwenzetu?

Sasa tuje kwenye mafundisho yetu. Waisraeli walitembea miaka 40, Bwana wetu alifunga siku 40, na Yoane Mbatizaji alihubiri: wapi? Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 yasema nyika, mara nyingine jangwa. Katekista wetu husema pori, kwa kuwa mchanga wa jangwa hakuuona. Si vibaya, ila aeleze vizuri. Pori letu hulisha watu. Mahali pale palikuwa pakavu, na Waisraeli waliishi kwa mana, kwa mkono wa Mungu.

Na akiisha kueleza hayo, asiwaache Wakristu wakidhani kwamba pori ni nchi ya bure. Mungu aliumba pori pia, na wazee walilitunza. Anayetaka kukata miti humo aulize kwanza: wenyewe ni nani, nao watakula nini mwaka kesho?