Hukumu ya Meru Haikufika Busia

Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru, nchini Kenya, iliamua kwamba polisi walivunja katiba kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko ya wasichana waliobakwa. Walioshtaki walikuwa wasichana 11, wakisimamiwa na shirika la Ripples International. Mwezi mmoja baadaye, kijijini Tingolo, Butula, kaunti ya Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na genge kisha akatupwa kwenye shimo la choo. Washukiwa walikamatwa, wakafyekeshwa nyasi kwenye kambi ya polisi, wakaambiwa waende zao. Ilibidi saini zaidi ya milioni moja zikusanywe ndipo mashtaka yafunguliwe. Aprili 2015 watatu wakahukumiwa miaka 15 kwa ubakaji wa genge.

Kwa hiyo hukumu nzuri ilikuwepo. Ama haikuwafikia polisi wa Tingolo, ama iliwafikia wakaipuuza. Nionavyo mimi, wakili wa msaada wa kisheria anapofundishwa kufungua kesi za kubadili mfumo, somo zito ni yale yanayotangulia hukumu na yale yanayoifuata. Kusema mbele ya jaji mawakili wengi wanajua tayari.

Mafunzo haya yana ukoo mrefu. Mwaka 1929 Charles Hamilton Houston alikabidhiwa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, akaifanya mahali pa kuwanoa mawakili weusi wapambane na ubaguzi, kesi moja ikiitengenezea njia nyingine, hadi 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha shule za kibaguzi. Mwanafunzi wake, Thurgood Marshall, ndiye aliyekwenda kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960 kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, akawaandikia rasimu ya haki za msingi.

Katiba ya uhuru ilikuwa na haki za msingi, lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 Mahakama Kuu ikadai kwamba haiwezi kuzilinda kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kufuata. Yaani uzembe wa mahakama yenyewe ukawa kisingizio cha mahakama! Mwaka 1989 Wangari Maathai alishtaki kuzuia jengo la ghorofa 60 bustanini Uhuru Park, akaambiwa hana mamlaka ya kushtaki. Mawakili vijana walioanzisha Kituo Cha Sheria mwaka 1973 walifanya kazi katika hali hiyo, wakiwatetea maskini mmoja mmoja.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyofungua mlango. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya wengine au kwa maslahi ya umma, bila kulipia ada ya kufungua kesi. Kanuni zilizotolewa 2013, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, zikaruhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikawatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini.

Hawa wasaidizi ndio uti wa mgongo. Mama akija na bintiye aliyebakwa, msaidizi huuliza: mmepewa nambari ya OB, daftari la matukio la polisi? Fomu ya P3, ile ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, imejazwa na daktari? Nani alipokea taarifa, tarehe gani, akawaambia nini? Nambari moja ya OB isiyofuatiliwa ni malalamiko ya familia moja. Zikiwa nyingi, kituo kilekile na majibu yaleyale, wakili ana ushahidi wa mtindo, na kesi ya Meru ilijumuisha malalamiko ya wasichana 11 pamoja. Daftari la msaidizi asiye na digrii linaweza kumfaa jaji kuliko hotuba ya wakili.

Kisha kuna utekelezaji. Agosti 2013, katika hospitali ya Bungoma, kaunti jirani, mwanamke alijifungulia sakafuni, miezi miwili tu baada ya serikali kutangaza kujifungua bila malipo. Hukumu ilitoka Machi 2018, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Fidia ni haki yake, ila haiongezi kitanda hata kimoja. Ndiyo maana uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Mitu-Bell, Januari 2021, unapaswa kufundishwa kila mahali: jaji anaweza kutoa amri kisha akabaki na kesi, serikali ikirudi kueleza imefikia wapi.

Kwa wakili wa Busia na Malaba, mpakani na Uganda, kuna uwanja mwingine, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Wakili Mkenya Samuel Mohochi alizuiwa Entebbe Aprili 2011, akarudishwa kwao bila kuelezwa sababu. Mei 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Uganda ilivunja mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mchuuzi anayenyanyaswa mpakani anaweza kupita njia hiyohiyo. Ila muda wa kufungua kesi ni miezi 2 tu, na mahakama hiyo haina mamlaka ya kuuongeza, basi msaidizi aliyeko mpakani aandike tarehe siku ileile.