Bill Travers: Mwigizaji wa Kiingereza aliyefuatana na simba hadi Kora

Ukitoka Nairobi kwa gari kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kora, unapita Thika, unafika Mwingi, kisha unaiacha barabara kuu ya Garissa na kushika njia ya Kyuso. Kuanzia hapo ni mibuyu, migunga, mchanga na mbuzi hadi Kitui inapopakana na Tana River. Kora ikitajwa, jina linalokuja mdomoni haraka ni la George Adamson, mzee wa ndevu nyeupe aliyeishi na simba. Ila mtu aliyemtafutia Adamson simba wa kuanza naye maisha ya Kora alikuwa mwigizaji wa sinema, na wala hakuwa nyota wa daraja la kwanza.

Bill Travers alizaliwa Sunderland, kaskazini mwa Uingereza, Januari 3, 1922. Dada yake Linden alimtangulia katika uigizaji. Yeye Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa kijana wa miaka 17, akaingia jeshini kama askari wa kawaida na kupanda hadi cheo cha meja katika kikosi cha Wagurkha. Alipigana Burma, katika vita vile vile ambavyo vijana wengi wa Ukambani walipelekwa na jeshi la King's African Rifles (KAR) mwaka 1944. Baadaye alirushwa kwa mwavuli huko Malaya, nyuma ya safu za Wajapani.

Baada ya vita aliingia jukwaani, kisha kwenye filamu, na kwa miaka kadhaa akawa mtu wa nafasi za pembeni: askari huyu, mwalimu yule, rafiki wa shujaa. Katika Romeo and Juliet ya 1954 alikuwa Benvolio, binamu ambaye watazamaji humsahau pazia likifungwa. Mwaka uliofuata filamu ya Geordie, kuhusu kijana wa Scotland anayejijenga mwili na kwenda Olimpiki, ilimpa umaarufu wa ghafla. Hollywood ikamwita. Katika Bhowani Junction (1956) aliwekwa nyuma ya Ava Gardner na Stewart Granger. Mwaka 1957 akapewa nafasi kubwa mkabala na Jennifer Jones, na filamu ikadorora. Akarudi kwao. Mwaka huo huo alimwoa mwigizaji Virginia McKenna, ambaye wakati ule alikuwa na jina kubwa kuliko lake.

Kama si Kenya, huenda leo angekumbukwa na wapenzi wa sinema za zamani tu.

Mwaka 1964 yeye, mkewe na watoto walikuja kupiga filamu ya Born Free, kutoka kitabu cha Joy Adamson, mke wa George, kilichochapishwa 1960 kuhusu simba jike Elsa. Kambi ilikuwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, na kazi ikaendelea hadi 1965. Travers aliigiza kama George Adamson, na George mwenyewe alikuwepo kama mshauri. Hakutaka simba wafundishwe kwa mjeledi kama wa sarakasi. Aliwataka waigizaji wawazoee wanyama hao, watembee nao, wacheze nao, mpaka mnyama aamue mwenyewe kwamba mtu huyu hana neno. Mazoea hayo yalikuwa na gharama: McKenna alivunjika kifundo cha mguu simba mmoja alipomrukia.

Filamu ilitoka 1966 na muziki wake ukanyakua tuzo mbili za Oscar. Inafaa kuyataja pia majina mawili yasiyotajwa sana: Peter Lukoye, aliyeigiza Nuru, na Omar Chambati, aliyeigiza Makkede, wasaidizi wa akina Adamson. Ikiwa Travers alijua maana ya kusimama pembeni ya picha, hao wawili walisimama pembeni zaidi, tena katika nchi yao.

Upigaji picha ulipokwisha, simba wengi waliotumika walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Jambo hilo liliwauma sana Travers na mkewe. Watatu tu, Boy, Girl na Ugas, ndio walioachwa mikononi mwa George ili awazoeze maisha ya porini huko Meru. Travers akarudi kutengeneza filamu ya hali halisi juu yao, na tangu hapo alianza kuhamia nyuma ya kamera.

Kisa kilichomgeuza kabisa kilitokea Tsavo, kwa msimamizi wa hifadhi David Sheldrick. Katika kutengeneza An Elephant Called Slowly, iliyotoka 1970, waliigiza na ndovu mdogo jike aitwaye Pole Pole. Ndovu huyo alikuwa zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Travers na McKenna walijaribu kumnunua ili abaki kwa Sheldrick. Wakajibiwa kwamba inawezekana, ila atakamatwa ndovu mwingine porini badala yake. Wakakubali yaishe, na Pole Pole akasafirishwa. Mwaka 1982 walimtembelea London, wakamwita kwa jina lake. Akawasogelea, akawanyoshea mkonga. Mwaka uliofuata alijeruhika wakati wa kujaribu kumhamisha, na madaktari wakalazimika kumuua. Alikuwa na umri wa miaka 16 hivi.

Kora iliingia katika habari hii kupitia duka la fanicha. Mwaka 1969 vijana wawili wa Australia, John Rendall na Ace Bourke, walinunua mtoto wa simba katika duka la Harrods, wakamwita Christian na kuishi naye Chelsea, ndani ya duka walimofanya kazi. Siku moja Travers aliingia humo akitafuta meza ya kuandikia. Alipoona simba, alimfikiria George. Wakati huo George alikuwa hana pa kwenda: Meru ilikuwa imefungwa kwake baada ya Boy kumjeruhi mtoto wa msimamizi wa hifadhi. Alikubaliwa kutumia Kora, eneo kame kusini mwa Tana ambalo watu wachache walilitaka, na Agosti 1970 Christian akafika. Travers alikuja naye, na kamera juu. Picha za 1971, simba akiwakumbatia vijana waliomlea, zilisambaa upya kwenye intaneti mwaka 2008 na kutazamwa na mamilioni.

Kuna sehemu ya habari ambayo video hiyo haionyeshi. Mwaka huo huo wa 1971, Boy, simba wa Born Free, alimuua Stanley, mfanyakazi wa George hapo kambini, na George akampiga Boy risasi. Christian alionekana mara ya mwisho mwanzoni mwa 1973, akivuka Tana kuelekea Meru. George naye aliuawa na majambazi Agosti 20, 1989, pamoja na wafanyakazi wake wawili, na baada ya hapo Kora ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Kifo cha Pole Pole kiliwafanya Travers, McKenna na mwana wao Will waanzishe Zoo Check mwaka 1984, shirika lililokuja kuitwa Born Free Foundation. Nafasi za filamu zilikuwa zimebaki chache, na Travers hakuonekana kuzililia. Miaka yake ya mwisho aliimaliza akizunguka bustani mbovu za wanyama barani Ulaya na kamera ya mkononi, akirekodi dubu na simba waliozunguka palepale siku nzima ndani ya vizimba. Alifariki usingizini nyumbani kwake karibu na Dorking, Machi 29, 1994. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuzitaka nchi wanachama kuzipa leseni na kuzikagua bustani za wanyama.