Judo: mwalimu muunga mifupa na mwanafunzi wake mdogo wa mwili

Mwezi wa nane mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, Brazil, vijana wawili wazaliwa wa Bukavu walishindana bila bendera ya nchi yao. Popole Misenga na Yolande Mabika walitenganishwa na familia zao na vita wangali watoto, wakapelekwa Kinshasa, na huko ndiko walikojifunza judo. Rio walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki, timu ya wanamichezo 10. Misenga alishinda pigano lake la kwanza dhidi ya Avtar Singh wa India.

Judo yenyewe ilitokana na ufundi uliokuwa karibu kusahauliwa huko Japani.

Mwaka 1868 utawala wa samurai, wapiganaji wa upanga, ulianguka. Serikali mpya ilitaka viwanda, shule na jeshi la kisasa. Mwaka 1876 samurai walikatazwa kubeba panga hadharani. Waalimu wa jujutsu, mapigano ya mikono mitupu, walikosa wanafunzi, na baadhi yao wakaishi kwa kuunga mifupa iliyovunjika.

Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe. Darasani alikuwa hodari, lakini mwili wake ulikuwa mdogo na wenzake wenye nguvu walimwonea. Alikuwa amesikia kwamba kwa jujutsu mtu mdogo anaweza kumwangusha mkubwa. Baba yake aliona ni mambo yaliyopitwa na wakati. Mwaka 1877, alipoingia Chuo Kikuu cha Tokyo, Kano alianza kuulizia kwa waunga mifupa, akaelekezwa kwa Fukuda Hachinosuke.

Fukuda alikuwa na chumba kidogo na wanafunzi wachache sana. Siku moja alimtupa Kano chini. Kijana akauliza: mkono unafanya nini, mguu unakaa wapi? Mwalimu hakueleza. Alimwita tena, akamtupa tena, na kila swali lilijibiwa hivyo hivyo, mpaka mwili wa kijana ukaanza kuelewa wenyewe. Kano alijaa michubuko, akajipaka dawa nyingi hata wenzake wakamtania kwa harufu yake.

Kulikuwa na mwanafunzi mwingine, Fukushima Kanekichi, mzito na mwenye nguvu, ambaye Kano alishindwa kumwangusha. Kano akaenda maktaba, akasoma kuhusu mieleka ya Ulaya, akapata namna ya kumbeba mtu mabegani. Alipoijaribu, Fukushima alianguka.

Mwaka 1879 Fukuda alifariki. Familia yake ilimkabidhi Kano, ambaye hakuwa bado na miaka 20, maandiko ya shule ile. Akaendelea kwa mzee Iso Masatomo, naye akafariki mwaka 1881. Mwalimu wa tatu, Iikubo Tsunetoshi, alikuwa bingwa wa kutupa watu.

Mwaka 1882 Kano alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo: mikeka 12 na wanafunzi 9. Mchezo akauita judo, njia ya ulaini. Mbinu za hatari aliziondoa katika mapigano ya mazoezi. Na yale ambayo Fukuda hakuyaeleza, yeye aliyaeleza: kwanza mvute au umsukume mwenzako apoteze usawa, ndipo umtupe. Hapo nguvu ndogo inatosha.

Mwaka 1909 Kano akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki mwaka 1938, na judo ikaingia Olimpiki Tokyo mwaka 1964.

Misenga na Mabika nao walipata mwalimu wao ugenini. Walibaki Brazil baada ya mashindano ya dunia ya mwaka 2013, na mkufunzi Geraldo Bernardes akawapokea na kuwaandaa kwa Olimpiki.

Awe Tokyo, Kinshasa au Rio, anayeanza judo hufundishwa kwanza kuanguka bila kuumia, kisha kusimama. Mhami anaweza kuacha nyumba, shamba na mifugo. Alichofundishwa mtoto wake, anakimbia nacho.