Kigujarati: Kwa nini maji si ya kike

Wapo wanaoanza kujifunza Kigujarati kwa kukariri kanuni moja: nomino inayoishia kwa -o ni ya kiume, inayoishia kwa -i ni ya kike, na inayoishia kwa -u itamkwayo puani si ya kiume wala ya kike. Mfano ni ule ule: chhokro ni mvulana, chhokri ni msichana, chhokru ni mtoto, awe wa kike au wa kiume.

Kanuni hii ni tamu, ila haikawii kumwacha mwanafunzi kwenye mataa. Hebu tazama neno pani, yaani maji. Linaishia kwa -i, lakini si la kike. Maji baridi ni thandu pani, si thandi pani. Naye dhobi, mfuaji nguo ambaye sisi humwita dobi, ni wa kiume licha ya hiyo -i yake.

Je, huu ni ukaidi tu wa lugha? La hasha. Jibu limo katika historia. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kilikuwa na jinsia tatu za kisarufi, na neno paniyam, maji, lilikuwa la jinsia ya tatu. Karne zilivyosonga, miishio ya maneno ilimomonyoka: -akah ikawa -o, -ika ikawa -i, -akam ikawa -u. Ghotakah, farasi, akawa ghodo. Paniyam nalo likapoteza mkia, likabaki pani. Sauti ilibadilika, jinsia ikasalia.

Usemi huo wa watu uliitwa Apabhramsha, jina linalomaanisha lugha iliyoharibika. Hata hivyo, katika karne ya 12, mtawa wa dini ya Ujaini, Hemachandra, aliyefadhiliwa na mfalme Siddharaja wa Gujarat, aliandika sarufi iliyoeleza Kisanskriti na pia usemi huo uliodharauliwa. Alionyesha kwamba nao ulikuwa na kanuni zake.

Kihindi kiliipoteza jinsia ya tatu, na maji kwacho yakawa ya kiume. Kigujarati na Kimarathi viliihifadhi. Wanasarufi wa Kigujarati huiita nanyatar, yaani si hii wala ile. Usidhani ni jaa la mabaki. Baba na mama wakitajwa pamoja, upatanisho hufuata wingi wa jinsia hii. Mama akitajwa peke yake kwa heshima, mambo ni yayo hayo.

Mswahili hapaswi kushangaa. Kiongozi, kifaru na kipofu wana ki- mwanzoni, lakini husemi "kiongozi kimefika". Umbo hudanganya, upatanisho ndio shahidi. Basi anayeanza Kigujarati asikariri nomino pweke. Aikariri pamoja na kivumishi chake: saro chhokro, mvulana mzuri, sari chopdi, kitabu kizuri, saru ghar, nyumba nzuri.

Mwaka 2017, serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 nchini. Wengi wao ni wazawa wa Kigujarati, lugha ambayo bado tunaichukulia eti ni ya dukani tu. Kumtambua jirani na kuipuuza sarufi yake ni kumkaribisha nyumbani na kumwacha asimame mlangoni.