Unavaa namba ngapi? Viatu vya barafuni, Nairobi, na kiwanda chetu cha Moro

Poleni na testi za wiki hii, na wale ambao bumu limewakatikia kabla ya mwezi kuisha poleni zaidi. Leo sina umbea wa hosteli. Nina historia kidogo, maana juzi chumbani kwetu kulizuka ubishi ambao siwezi kuuacha upite hivihivi.

Jamaa yangu mmoja wa Fizikia alitangaza kwamba hoki ya barafuni ni mchezo wa Wazungu kwa sababu ya baridi. Mtu wa huku, ambaye mvua ikishuka tu kutoka Uluguru anavaa sweta mbili, atasimamaje juu ya barafu? Mimi nikasema baridi siyo hoja, ukikimbia dakika tatu unatoka jasho popote pale duniani. Hoja ni kiatu. Chumba kizima kikacheka. Basi bwana, nimeona niandike hapa kwa utulivu, kwa sababu kwenye ubishi wa chumbani anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Kwanza tuwekane sawa. Mchezo huo umeshafika hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, iliyopo barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu wa ndani wenye ukubwa wa karibu mita za mraba 1,400. Ni mdogo kidogo, maana uwanja wa kimataifa wa mita 60 kwa 30 una mita za mraba 1,800. Ulijengwa ili watu wateleze na kufurahi wikiendi, lakini wageni waliokuwa wakiishi Nairobi, wale waliokulia kwenye nchi za theluji, wakaona hapo pana pa kuchezea hoki. Vijana wa Kenya nao wakaingia, wengi wakitokea kwenye skeiti za magurudumu za barabarani. Ndiyo ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka Kanada wakacheza mechi huku nyota wawili wa ligi kubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakiwa upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo, IIHF. Kwa hiyo suala la Mwafrika na barafu limeshajibiwa na majirani zetu. Tuendelee.

Sasa twende kwenye kiatu chenyewe. Skeiti ya hoki hainunuliwi kama sendo. Tukinunua raba huwa tunabonyeza mbele kuona kama kidole gumba kina nafasi, na mama zetu walituzoesha kununua kubwa kidogo ili ifike mwaka kesho. Kwenye barafu kanuni hiyo inageuzwa. Kwa vipimo vya Amerika Kaskazini, skeiti huwa ndogo kuliko raba zako kwa namba moja hadi moja na nusu. Ukisimama wima, vidole viguse kidogo tu ncha ya mbele. Ukikunja magoti, ule mkao wa kuchezea, kisigino kirudi nyuma kabisa na vidole viachie. Kisigino kikinyanyuka ndani ya kiatu, hicho siyo chako hata kama ni cha bure.

Kwa nini ubanaji wote huo? Kwa sababu chini umesimama juu ya chuma chembamba ambacho unene wake haufiki hata milimita 3. Tena chuma hicho kinanolewa kikiwa na kijifereji katikati, kwa hiyo kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mchezaji akitaka kukata kona analalia ukingo mmoja. Kiatu kikipwaya, kifundo cha mguu kinalala lakini chuma hakilali. Ni kama kuendesha baiskeli ambayo usukani umelegea, wewe unageuza na gurudumu linaendelea na safari zake. Wanaojua wana kipimo kingine rahisi: unalegeza kamba, unaweka penseli juu ya matundu ya kamba karibu na kifundo, ikigusa mguu ujue kiatu ni kifupi kimo kwa mguu wako. Kuna pia viatu vya kisasa vinavyopashwa moto kwenye oveni maalumu, mtu anavivaa vikiwa vya moto na vikipoa vimeshika umbo la mguu wake.

Vifaa vingine navyo vina hesabu ileile. Kikinga ugoko, ile bakuli yake ya juu ikae katikati ya goti, ikishuka goti liko wazi. Helmeti ukitikisa kichwa isibaki nyuma. Gongo, ukiwa umeshavaa skeiti, lifike karibu na kidevu. Na hivi vya kujikinga vilikuja kwa kuchelewa sana. Kipa Jacques Plante wa Montreal Canadiens alivaa kinyago kwenye mechi ya ligi tarehe 1 Novemba 1959 baada ya kupigwa usoni na kushonwa, akagoma kurudi uwanjani bila hicho kinyago, na kuanzia hapo makipa wengine wakafuata taratibu. Helmeti ililazimishwa kwa wachezaji wapya wa NHL mwaka 1979 tu. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanacheza vichwa wazi!

Hapa ndipo historia inapoanza kunoga. Watu wa kaskazini mwa Ulaya waliteleza kwa mifupa ya wanyama iliyofungwa chini ya viatu, karne nyingi kabla ya chuma. Chuma kilipokuja nacho kikafungwa kwenye kiatu cha mtu mwenyewe kwa mikanda. Miaka ya 1860 kiwanda cha Starr huko Nova Scotia, Kanada, kikatengeneza skeiti za chuma zenye kubana zenyewe kwenye soli ya kiatu ulichonacho. Mechi ya kwanza inayojulikana ya hoki ya ndani ya jengo ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875. Baadaye viwanda vikubwa vikaingia. CCM, kampuni iliyoanza na baiskeli, ikaanza kutengeneza skeiti mwaka 1905, na kampuni ya Bauer iliyoanza 1927 mjini Kitchener, Ontario, ikauza kiatu na chuma vikiwa vimeshaunganishwa kiwandani.

Angalieni kilichobadilika hapo. Zamani kiatu kilikuwa chako, kimeshaujua mguu wako, chuma ndicho kilichokuja kuombwa kijirekebishe. Baada ya kuunganishwa, ubora ulipanda kweli, lakini namba ikawa ya kiwanda. Sasa mguu ndio unatafuta kiatu. Mwenye duka karibu na hela mfukoni hana shida, anajaribu jozi kumi na kuchagua moja. Asiye na duka anapokea jozi iliyofika, na jozi hiyo imeshashika umbo la mguu wa mtu mwingine, mtu ambaye hajawahi kumwona.

Ndiyo hali waliyoanza nayo vijana wa Nairobi. Huwezi kwenda Gikomba ukakuta skeiti za hoki zimepangwa kwa namba. Vifaa vilitoka kwa wageni waliokuwa wanacheza pale, vikaachwa au vikaletwa kwenye mabegi ya safari. Ile safari ya Kanada ya 2018 watu wengi wanaikumbuka kwa sababu ya Crosby. Mimi ninachokipenda ni kwamba walivalishwa vifaa vipya kamili, jezi yenye jina mgongoni, kiatu cha mguu wake. Mchezaji aliyezoea kucheza huku anapigana na kiatu chake, siku hiyo anapigana na mpinzani tu.

Mtasema barafu ni mbali. Haya, tuje kwenye mbio. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma tarehe 10 Septemba 1960 akiwa peku. Tumezoea kuisimulia kama hadithi ya ushujaa wa Mwafrika asiyehitaji kiatu. Lakini inasimuliwa pia kwamba viatu alivyojaribu kule Roma havikumkaa vizuri, na yeye alikuwa ameshazoea kufanya mazoezi peku, kwa hiyo akaamua bora miguu yake. Huo siyo umaskini, huo ni uamuzi wa mtu anayejua kupima. Ushahidi ni kwamba Tokyo 1964 alivaa viatu na akashinda tena. Akipata kinachomkaa anavaa, kisichomkaa anakiacha.

Mwingine ni Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwa ski kwa ufadhili wa Nike. Kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998 alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mstarini amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Picha ya kule kukumbatiana ilizunguka dunia nzima. Lakini mtu aliyevaa ski akiwa na miaka ishirini na kitu, dhidi ya watu waliozivaa kabla hawajajua kusoma, anaanza safari akiwa nyuma kwa miaka, siyo kwa dakika.

Sasa wadau, sehemu iliyonifanya niandike yote haya ipo hapahapa Moro. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulijengwa mjini kwetu Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mipango ilikuwa kiwanda kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Ngozi tunazo, ng'ombe tunao, watu wapo. Kilichotokea wanauchumi wanakifundisha mpaka leo kama mfano wa mradi ulioshindwa. Jengo lilikuwa na kuta za aluminiamu bila mfumo wa kupitisha hewa. Hebu fikirieni kuta za aluminiamu na jua la Moro la mwezi wa kumi na mbili! Mashine ziliharibika, vipuri vikakosekana, na uzalishaji haukuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Mwaka 1990 kikafungwa.

Sababu zilikuwa nyingi: uchumi wa wakati ule, fedha za kigeni, usimamizi. Lakini mimi naona kuna swali moja ambalo halikuulizwa mwanzoni. Kiwanda chenye uwezo wa jozi milioni 4 kilipangwa kwa ajili ya mguu wa Mzungu aliye Ulaya, tena Mzungu ambaye tayari ana Mwitaliano wa kumtengenezea. Mguu wa mwanafunzi wa Moro, wa mkulima anayeshuka na ndizi kutoka Matombo, wa mtoto wa Kihonda anayecheza mpira mchangani, haukuwa ndio uliopimwa kwanza. Na jengo lenyewe lilikuwa kama skeiti ya mtumba: limeshika umbo la hali ya hewa ya mahali pengine.

Na sisi tunasoma Mazimbu, sehemu ambayo zamani ilikuwa shamba la mkonge, ikatolewa na serikali yetu mwaka 1977 kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. ANC wakajenga shule hapa, wakaipa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Waliokuja walikimbia na nguo walizovaa, wakasaidiwa na vikundi vya mshikamano vya nchi nyingi. Lakini hawakukaa wakisubiri marobota tu. Walianzisha shamba na karakana zao humuhumu, wakatengeneza fanicha na kushona. Tarehe 9 Julai 1992 wakayakabidhi majengo kwa Tanzania, na leo sisi tunalalamikia maji kwenye majengo yaleyale. Msaada waliupokea kwa shukrani, ila walitaka pia kuwa na mkono wao wenyewe kwenye kupima na kukata.

Nakuja kwenye la kwetu sasa. Mnajua muhula uliopita kuna mfadhili alituletea gunia la njumu kwa ajili ya timu. Tulipiga makofi, na nia yake ilikuwa njema. Ila nusu zilikuwa namba 45 na 46, na wachezaji wetu wengi wanavaa 40 hadi 42. Watu wakajaza magazeti na soksi mbili mbili. Beki wetu wa kulia aliteguka kifundo kwenye kona ambayo hakuguswa na mtu, mguu uligeuka, kiatu kikabaki. Akaenda kufundisha TP akichechemea, anaandika ubaoni ameegemea meza, wanafunzi wakampa jina ambalo sitaliandika hapa. Na timu ya dada zetu hawakupata hata jozi moja ya kuwatosha, wakaambiwa wasubiri awamu nyingine.

Awamu nyingine ndiyo hiyo inakuja, mfadhili amesema ataleta tena kabla ya bonanza. Ombi langu ni dogo. Tusimpe orodha ya idadi, tumpe orodha ya namba. Upimaji wenyewe ni huu: simama juu ya karatasi jioni, baada ya mazoezi, kwa sababu mguu huvimba kidogo ukishafanya kazi. Chora pande zote mbili, miguu miwili, maana mara nyingi haifanani. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kwa sentimita, na upana pia. Soksi vaa ile ya kuchezea. Na ukienda mwenyewe kwenye mitumba usinunue kwa kuangalia nembo, bonyeza kisigino cha kiatu. Kikiwa kimelala upande mmoja, mwenyewe wa zamani bado yumo ndani.

Karatasi nimeibandika mlangoni kwangu, ina safu ya jina, safu ya sentimita na safu ya namba. Dada zetu waanze kujaza, sisi tutafuata. Yule jamaa wa Fizikia kaombwa alete rula. Mwisho ni Ijumaa.